Ng'ombe wa Kofia na Jicho la Mama

Siku ya kwanza nilipoziona zile katuni, niliizima TV kwa mkono wangu mwenyewe. Binti yangu alikuwa amefunga chuo, amejitandaza kwenye zulia na bakuli la njugu, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimetoka kupokea maziwa ya ngamia, mgongo unaniuma, vazi limejaa vumbi la mtaa wetu wa Bulapesa. Nikasimama nyuma yake nione ni kitu gani kinamfurahisha mtu namna hiyo asubuhi asubuhi. Nikaona sufuria imechoka kukaa motoni. Sisemi imechoka kuungua, nasema imechoka, kama mtu. Ilishusha pumzi, ikaota miguu miwili myembamba, ikateremka kwenye mafiga na kutoka nje kupunga upepo, na moto nao ukaifuata nyuma ukiibembeleza irudi. Yote haya kwa rangi nyeusi na nyeupe, picha inatetemeka, na muziki unakwenda mbio kama umechelewa mahali.

Nikamwuliza, "Hii ni nini?"

"Ni katuni, mama. Za zamani sana, kabla hata akoo hajazaliwa." Akoo ni nyanya kwa Kiborana, na nyanya yenyewe ni mama yangu mzazi.

"Na hao waliozichora walikuwa na homa?"

Akacheka zaidi. Ndipo nikaizima.

Binti yangu anasomea Nairobi mambo ya kuchora picha zinazotembea kwenye kompyuta. Kazi hiyo sikuielewa alipoichagua na hata leo naielewa nusu tu. Mwalimu wao aliwapa flashi imejaa katuni hizo, akawaambia wakazitazame likizoni, kwa sababu huko ndiko kazi yao ilikoanzia. Kwa hiyo aliponiambia ni masomo, sikuwa na la kusema. Nikaiwasha tena. Nikaenda jikoni kuosha mitungi, lakini mlango wa jikoni kwangu unatazama sebuleni, na macho hayana pazia.

Wiki ile nilitazama mambo ambayo sikudhani kichwa cha binadamu kinaweza kuyatoa. Niliona mtu akitembea juani, jua kali kama letu la Januari, na kivuli chake kikakataa kumfuata. Kilikaa chini, kikajipepea, kikaanza kulalamika kwa mikono. Mwenyewe akapiga magoti kukiomba, mwishowe akakibeba mgongoni akaendelea na safari. Niliona nyumba ikipiga chafya, na wenye nyumba wakatoka kupitia bomba la moshi, wakajipangusa, wakaingia tena kwa mlango. Niliona mtu kichwa kimemwanguka, kikabingirika, akakitafuta kwa kupapasa, akakirudisha kinatazama nyuma. Na wenzake waliokuwa wameketi naye wakaendelea kunywa chai.

Hao wanywaji wa chai ndio walionishtua kuliko kichwa chenyewe. Sisi pia tumelelewa na hadithi, fisi anaongea, sungura anamtapeli ndovu. Lakini fisi wetu ana sababu. Ana njaa, ana tamaa, mwisho wa hadithi anapata alichostahili. Kule kwenye katuni hakuna sababu. Kitu kinakuwa kitu kingine kwa sababu kimependa. Na hakuna anayeshangaa. Mimi peke yangu, kwenye mlango wa jikoni, na brashi ya kuoshea mitungi mkononi, ndiye niliyekuwa nimeachama.

Nilimwuliza binti yangu kinachochekesha ni nini hasa. Akafikiri kidogo, akasema, "Ni kwamba lolote linaweza kutokea, mama. Na hakuna anayeumia."

Nikamwambia lolote kutokea ndiyo maisha yenyewe, tena watu wanaumia, na sijaona mtu akicheka.

Halafu ikaja ile ya ng'ombe.

Ng'ombe huyo alikuwa amechelewa treni. Alikuwa amevaa kofia ndogo yenye ua, anakimbia kwa miguu miwili, mikoba mkononi. Kufika mlangoni, tumbo likakataa kuingia. Akalivua. Wallahi, alilivua lile tumbo kama mtu anavyovua koti, akalikunja, akalibana kwapani, akaingia na kuketi kwenye kiti, mguu juu ya mguu. Nje ya dirisha nyasi nyeusi zikawa zinakimbia zenyewe kwenda upande mwingine, na mbingu nyeupe pe, haina hata wingu. Mara akaja mkamuaji na ndoo, anapita kiti kwa kiti kama anayekagua tikiti. Akamwamuru ng'ombe atoe maziwa. Ng'ombe akaonyesha kwamba hana. Mkamuaji akasisitiza. Basi yule ng'ombe akasimama, akamnyang'anya ndoo, akamkalisha chini, akashika vidole vyake na kuanza kumkamua yeye. Maziwa yakatoka vidoleni. Yakatoka mpaka yule mwanamume akanywea, akabaki bapa kama shati kwenye kamba. Ng'ombe akanywa ndoo nzima, akafuta mdomo, akainua kofia kusalimu abiria.

Mimi maziwa ndiyo kazi yangu. Yanatoka kwetu Kulamawe na vijiji vya huko chini, nayapokea, nayaonja, nayapima, nayatia kwenye baridi, nayapandisha basi la Nairobi, na chai yangu ya saa nne nainywa nimesimama. Na kabla yangu, mama yangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Kwetu hukamui ng'ombe bila kumwita, bila kumsemesha. Hukamui ukiwa na hasira. Maziwa yakimwagika unanyamaza kwanza. Sasa kumwona ng'ombe anamkamua mtu mpaka anakauka, na muziki wa kuchezesha mabega unapigwa! Nilihisi kama mtu ametukana mezani.

"Usije ukaiweka hii mbele ya akoo," nikamwambia binti yangu. "Akiiona, atatuamsha tuisomee nyumba dua."

"Mama," akasema taratibu, "akoo haoni."

Kweli. Mama alikuwa ameketi pale pale kwenye godoro lake karibu na dirisha, uso umeelekea kwenye TV, na hakuwa anaona kitu.

Mama aliletwa kwangu kutoka Kulamawe baada ya ukame kumaliza ng'ombe. Alipofika macho yalikuwa yameshaingia ukungu, mtoto wa jicho, yote mawili, kama mtu ameyatia maziwa yaliyochanganywa na maji. Mwanzoni alikuwa anaona mwanga na vivuli. Baadaye hata hivyo vikaondoka. Nikawa namwongoza msalani na uani akiwa ameshika ncha ya mtandio wangu, kwa sababu kushikwa mkono alikataa, akisema yeye si mtoto. Akikaa, anasikiliza. Wageni wakija kutoka nyumbani, baada ya salamu za watu na za mvua, anauliza habari za ng'ombe wa wenzake. Na swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: rangi gani? Umwambie fulani amepata ndama, atakuuliza rangi. Mwekundu mwenye kidevu cheupe? Wa kijivu kama mamake? Ukisema hujui, anakunyamazia, anakuona huna maana. Alikuwa na ng'ombe wake wote kichwani kwa rangi zao, waliokufa na waliopotea, na wakati mwingine nilimsikia akiwaita mmoja mmoja pale dirishani, kwa sauti ile ya kukamua.

Hospitali ya hapa mjini ilipotangaza kwamba madaktari wa macho wanakuja, mimi ndiye niliyemshawishi. Haikuwa rahisi. Jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye mdomo usiolala, alikuwa ameshamwambia kwamba wanang'oa jicho lako na kukutilia la mbuzi. Mama akaniuliza usiku kucha jicho atakalopewa ni la nani.

"Hawakupi jicho," nikamwambia. "Wanatoa ule ukungu, wanaweka kioo kidogo ndani."

"Kioo cha nani?"

"Kipya, mama. Hakijawahi kuwa cha mtu."

"Na kikiwa kibaya?"

"Hakiwi kibaya."

Halafu akasema kitu ambacho hajawahi kukisema tangu aje kwangu. Alisema hataki kuona mengi, dunia ameshaiona. Anataka kuona rangi ya ng'ombe, na anataka kuona nyuso zetu, basi. Akasema kukaa gizani si kazi, kazi ni kuwasahau watu huku wanaongea nawe. Alikuwa ameanza kunisahau uso. Nilitoka nje nikajifanya nahesabu mitungi.

Wakamfanyia jicho la kulia. Ilikwisha haraka kuliko nilivyodhani, akarudishwa kwangu amebandikwa pedi kubwa na plasta, anatembea wima kama kawaida yake. Nesi akatuambia tusiiguse. Alale nayo, kesho asubuhi tumrudishe, wataifungua wao wenyewe. Nikamrudisha nyumbani, nikamkalisha kwenye godoro lake, nikamwacha na binti yangu, nikakimbia kupokea maziwa ya alasiri.

Niliporudi, nilijua kuna kitu. Chai yake ilikuwa imepoa mbele yake. Mama yangu haachi chai. Nikamwuliza kama anasikia maumivu, akasema hapana. Nikamwuliza kama anataka kulala, akasema hapana. Binti yangu akasema akoo amekuwa hivyo tangu yeye alipotoka jikoni kumletea ile chai.

Baada ya magharibi mama akaniita.

"Huko nje kuna nyasi?"

"Zipo kidogo. Mvua ilipita."

"Rangi gani?"

Nikadhani anatania. "Kijani, mama. Nyasi zina rangi gani nyingine?"

Akauliza tena, "Umeziona wewe mwenyewe, au umeambiwa?"

Nikamwambia nimezikanyaga. Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayemhurumia anayemdanganya. Nilikwenda kulala. Nilijiambia labda ni dawa.

Asubuhi tukawa wa mwanzo kufika. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye benchi refu barazani, kila mmoja na pedi yake, kila mmoja na mtu wake wa kumsindikiza. Nesi alikuwa anatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, anabandua plasta, anasafisha, anaonyesha vidole. Na mimi, nisiyecheka ovyo, nilianza kutabasamu kama mjinga. Mzee mmoja Mturkana wa Ngaremara alifunguliwa, akamtazama nesi, akamtazama sana, akamwuliza kama ameolewa. Benchi zima likaangua kicheko. Mwanamke mmoja alitazama viganja vyake mwenyewe, mbele na nyuma, akaanza kulia. Alikuwa hajui amezeeka mikono.

Ikafika zamu ya mama. Nesi akabandua plasta, akatoa pedi, akapangusa jicho kwa pamba, akasema, "Haya mama, fungua macho."

Mama hakufungua.

"Fungua taratibu, mama. Hayaumi."

Aliyakaza zaidi. Uso mzima ulikunjamana kama anayepigwa na upepo wa mchanga. Nikamsemesha kwa Kiborana, nikamwambia ni mimi, niko hapa, hakuna kitu. Akanishika mkono, yeye asiyeshika mkono wa mtu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nirudishe nyumbani. Giza nimelizoea."

Nikamwuliza ana nini.

"Nimeshaona," akasema. "Jana. Niliinua kile kitambaa chao kidogo nikatazama. Kioo chao ni kibaya. Au basi dunia imekwisha na nyinyi mnanificha. Yoyote kati ya hayo, mimi sitaki kuiona."

Nesi akaenda kumwita daktari. Daktari alikuwa kijana mpole, amevaa miwani, anatoka Meru, hajui neno la Kiborana. Akachuchumaa mbele ya mama, akaniomba nitafsiri kila neno. Nikatafsiri.

"Anasema aliona mbingu nyeupe. Nyasi nyeusi zote, zimeungua, zinakimbia."

"Zinakimbia?"

Nikamwuliza mama. "Ndiyo, zinakimbia. Anasema hakuna rangi hata moja mahali popote."

Daktari akaandika. Nikaona mkono wake unaenda pole pole kuliko alivyoanza. Akaniambia nimwulize kama aliona kitu kingine. Mtu mzima akisema jambo ambalo analionea aibu, sauti yake inakuwa ndogo.

"Anasema aliona ng'ombe," nikatafsiri. "Amekaa kwenye kiti. Amevaa kofia."

Daktari akaacha kuandika. "Kofia ya namna gani?"

"Yenye ua."

Mtu mwingine angeelewa hapo hapo. Mimi sikuelewa. Hofu ilikuwa imenikamata, na nikiwa na hofu akili yangu inaondoka bila kuaga. Nilichokuwa nawaza ni kwamba nimemharibu mama yangu. Nilimtoa kwenye giza lake la amani nikampeleka akachezewe kichwa. Daktari akasimama, akamvuta nesi pembeni, nikawasikia wakitaja dawa za ganzi, wakitaja umri, wakitaja kumpeleka Nairobi kwa wataalamu wa kichwa. Nikaketi kwenye benchi karibu na yule mzee wa Ngaremara, ambaye naye sasa alikuwa amenyamaza, ananitazama kwa jicho lake jipya.

"Kuna kitu sijasema," mama akaniambia. Macho bado amefumba. "Huyo ng'ombe alikuwa hana tumbo. Amelikunja kwapani. Akaja mtu kumkamua, na yeye akamkamua yule mtu. Vidole. Akamkamua mpaka akaisha. Na watu walikuwepo, wameketi, hakuna aliyesema kitu. Ndipo nikarudisha kitambaa."

Sijui nilitoa sauti gani. Binti yangu anasema, alipohadithiwa baadaye na nesi, aliambiwa kwamba mama yake alilia kama fisi. Mimi najua nilikuwa nacheka, lakini kulikuwa na kilio ndani yake. Nilijiziba mdomo kwa mtandio na kicheko kikatokea puani. Daktari akageuka mbio akidhani sasa wagonjwa ni wawili. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Daktari, ni TV. Alitazama TV. Ni katuni za mtoto wangu."

Daktari aliponielewa alikaa chini kabisa, sakafuni, akavua miwani akajifuta uso. Nesi ilibidi aende ndani.

Lakini mama alikuwa hachekeshwi na lolote. Alikuwa amekaa wima, macho yamefumbwa, anasikia watu wanacheka juu ya jambo lililomkosesha usingizi. Hali ile ilinikatisha kicheko haraka. Nilipiga magoti mbele yake, nikamweleza. Nilimwambia kile alichokiona si dunia, ni picha. Mtu amechora.

"Picha haitembei," akasema.

"Amechora nyingi. Moja ng'ombe ameinua mguu, nyingine ameuinua zaidi kidogo. Halafu zinapitishwa mbio mbele ya macho. Unaona anatembea."

Akafikiri. "Kila mguu amechora?"

"Kila mguu."

"Na rangi?"

"Siku hizo walikuwa hawajui kutia rangi."

"Kwa nini akachora ng'ombe anamkamua mtu?"

"Ili watu wacheke, mama."

"Wakacheka?"

"Mjukuu wako anacheka."

"Mtu aliyeketi chini akachora haya yote, mguu kwa mguu," mama akasema, "alikuwa na ng'ombe?"

"Sijui."

"Hakuwa nao." Kisha akaongeza, "Au alikuwa nao, wakafa wote."

Kicheko chote kilichobaki kooni kwangu kiliondoka. Nilikuwa nimedhani hao wachoraji walikuwa na homa, binti yangu alikuwa amesema hakuna anayeumia, na kumbe mama, kwa kuchungulia kidogo tu chini ya pedi, ameona mbingu isiyo na wingu, malisho yaliyoungua, ng'ombe asiye na tumbo na watu wanaotazama wakinyamaza. Yeye alikuwa ameshayaona hayo huko Kulamawe, kwa macho yake ya kwanza. Kilichomtisha ni kudhani kwamba hata kwa macho mapya hayo ndiyo pekee yaliyobaki ya kuona.

Nikamwambia, "Mama, nyasi ni kijani. Wallahi nimezikanyaga. Fungua."

"Nani yuko mbele yangu?"

"Mimi."

"Karibu?"

"Ukinyoosha mkono unanigusa."

"Usiondoke hapo."

Akafungua. Lile la kushoto lilibaki na ukungu wake, lakini la kulia lilikuwa jeusi, safi, limelowa, na lilinitazama moja kwa moja. Nilikuwa nimesahau jinsi mama anavyomtazama mtu. Nilisubiri atabasamu, au aseme alhamdulillahi, kama walivyosema wenzake. Nesi alikuwa ameinua vidole tayari kumwuliza ni vingapi, na mama akausogeza ule mkono kando kama anayefungua pazia.

Alinitazama uso. Akashuka shingoni. Akanitazama mabega, pale mtandio ulipokuwa umeteleza nilipokuwa nacheka, akakaa hapo muda. Akanitazama mikono.

"Simama," akasema.

Nikasimama.

"Geuka."

Nikageuka, mbele ya benchi zima, mwanamke mwenye mtoto chuoni. Nilijua anatazama nini. Nimemwona akitazama hivyo maisha yangu yote, ng'ombe akirudi jioni, anamzunguka, anamtazama nyonga na mbavu, kabla ya kuuliza amelishwa wapi. Nilitamani kuvuta mtandio nikajifunika, nikashindwa.

Nilipomrudia uso, jicho lake lilikuwa limejaa maji, na si ya dawa.

"Miaka yote hii nasikiliza sauti yako," akasema, "nikidhani mtoto wangu amenona."

Nesi akaniuliza mama anasema nini. Nikamwambia anaona vizuri.